Pawa stelingi kwenye trekta dogo la zamani: umeme wa Vitz, obitroli, au mafuta ya pampu ya jembe?

Mpunga_Cheju
Asalaam aleikum wakuu. Nina trekta dogo la Kijapani, injini ya pistoni mbili, farasi kama 18, linavuta nyuma tu, mbele tairi nyembamba. Stelingi ya mkono: boksi la kizamani lenye mkono mmoja unaosukuma draglinki (fimbo inayokwenda gurudumuni), kisha tairodi inashika magurudumu mawili. Bondeni likizama tope, na zaidi nikifunga ndoo ya mbele ya kubebea samadi, kukata kona ni kazi ya watu wawili. Nimeambiwa mambo matatu: nitie stelingi ya umeme ya Vitz, nitie obitroli (vali ya chini ya usukani inayopeleka mafuta kwenye silinda ya kukatia magurudumu), au nichukue mafuta kwenye pampu ya kunyanyulia jembe. Ipi inafaa na ninunue nini?

FundiGrisi
Wa aleikum salaam. Kabla hujatoa shilingi, piga jeki chini ya ekseli ya mbele, katikati, mpaka tairi zote mbili zielee. Chomoa draglinki upande wa boksi. Shika tairi uizungushe kushoto na kulia kwa mkono mmoja. Ikienda nyepesi mwanzo hadi mwisho, kingpini (pini ya wima ambayo gurudumu la mbele linageukia) ni nzima na uzito uko kwenye boksi au kwenye mzigo. Ikikaza, au ikienda kwa kukatakata, ubaya uko kingpini, na pawa utakayoweka itauficha tu mpaka siku mkono wa stelingi ukatike.

Matrekta ya mabondeni karibu yote yana ugonjwa huu. Maji yanaingia chini ya kingpini, grisi inageuka uji wa kijivu, beringi ya chini inayobeba uzito inaliwa na kutu. Tia bomba la grisi kwenye nipo (chuchu ya kutilia grisi): grisi mpya lazima itoke juu na chini. Ikitoka upande mmoja, njia imeziba, fungua. Ukishafungua, pima kwa vernia. Nafasi kati ya kingpini na bushi ikizidi nusu milimita, bushi zimekwisha. Mkereza chuma atakutolea za shaba nyeusi. Mwambie aache nafasi ya mm 0.05 hadi 0.1, atoboe tundu linalokutana na nipo, na achore mfereji wa grisi ndani. Bushi isiyo na mfereji hulainika pale penye tundu tu, kwengine inakwenda kavu.

Kwenye boksi tazama mafuta ya gia, 80W-90, kiwango chake. Skrubu ya kupunguza mchezo (ulegevu wa gia) irekebishwe magurudumu yakiwa yamenyooka, kwa sababu gia za boksi zimetengenezwa zibane zaidi pale katikati. Ukiikaza stelingi ikiwa imekatwa, ukirudi katikati inakwama.

Upepo nao usisahau. Tairi ya mbele yenye nusu ya upepo wake ni nzito zaidi kwenye ardhi kavu. Soma ubavuni mwa tairi.

Mpunga_Cheju
Nimepima, kingpini ni nyepesi, upepo upo. Ni mzigo wa ndoo hasa.

WayaMwanakwerekwe
Basi mimi nitasema la umeme, maana spea zake zimejaa mjini na hakuna mafuta ya kuvuja. Stelingi ya umeme ya Vitz au Passo ina mota iliyofungwa kwenye shafti, chini ya usukani. Unakata shafti yako, unaiweka mota katikati, unaunganisha na misalaba miwili ya stelingi, na bodi ya mota unaifunga kwenye dashibodi isizunguke.

Mambo ya kuzingatia ni haya. Kompyuta ya EPS (hiyo stelingi ya umeme) hungoja taarifa ya mwendo wa gari na ya injini. Ikizikosa, aina nyingine hubaki kwenye hali ya dharura na kutoa msaada wa kiwango kimoja, nyingine hukata kabisa. Kwa hiyo usinunue mota bila kompyuta yake na soketi zake zote zenye waya wa kutosha, na usilipe kabla ya kujaribu palepale dukani: betri ya volti 12 kwenye waya mbili nene, na volti 12 ya swichi kwenye waya wa ufunguo. Funga upande wa chini wa shafti kwenye vaisi, zungusha juu. Mota ikisukuma pamoja nawe pande zote mbili kwa nguvu sawa, chukua. Ikisukuma upande mmoja, au ikizunguka yenyewe, sensa ya msokoto imeharibika, iache.

Umeme wake: tairi zikiwa zimesimama inavuta ampea 30 hadi 50. Waya wa mraba mm 10 kutoka betri moja kwa moja, fyuzi ya 60 karibu na betri, ethi ya unene uleule mpaka kwenye bodi ya mota. Dainamo ya zamani ya ampea 12 au 15 haitoshi, weka alteneta ya ampea 40 kupanda juu. Ukiacha dainamo, betri inakufa taratibu na stelingi inakuwa nzito saa za jioni, watu wanadhani mota imeungua.

Pampu_na_Mipira
WayaMwanakwerekwe yuko sawa kwa trekta la kukata nyasi na kuvuta kitoroli. Kwa trekta lenye ndoo mbele, hapana. EPS inasaidia juu ya boksi. Nguvu yote ya ziada inapita kwenye meno ya boksi lilelile la zamani, mkono uleule, draglinki ileile. Boksi lilipimwa kwa mikono ya mtu, sasa unalipatia mota. Ndoo ikiwa imejaa na tairi iko kwenye shimo, jino ndilo litakalosalimu amri. Na hewa ya chumvi ya huku inakula soketi za EPS hata ndani ya gari lililofungwa vioo, sembuse trekta lisilo na paa.

Haidroliki inasukuma chini kabisa, kwenye mkono wa gurudumu, boksi linaondoka. Vitu vikubwa ni vitatu: pampu, obitroli na silinda. Wengi wanakosea kununua kimoja kimoja kwa bahati, halafu wanalazimisha vikubaliane. Anza na silinda.

Ekseli yako na ndoo iliyojaa tuiweke kilo 700. Tairi ya upana wa mm 130, kingpini iko mm 100 ndani ya kati ya tairi, ardhi kavu. Kuzigeuza zikiwa zimesimama kunataka msokoto wa kama Nm 530. Mkono wa gurudumu wa mm 150, ukishauondolea pembe unabaki kama 130, kwa hiyo silinda isukume kama newtoni 4,100. Silinda ya kipenyo cha ndani mm 40 na rodi ya mm 20, upande wa rodi ina eneo la sentimita mraba 9.4. Kwa presha ya bar 60 inatoa newtoni 5,600 na zaidi. Inatosha, na akiba ipo. Silinda ya mm 32 kwa mzigo huu haifiki. Bila ndoo ingetosha. Ya mm 50 ni nguvu za kuvunja mkono.

Sasa obitroli. Silinda yenye rodi pande zote mbili, mm 40 kwa 20, mwendo wa mm 200, inakula cc 188. Obitroli ya cc 50 kwa mzunguko itakupa mizunguko 3.8 kutoka mwisho hadi mwisho. Hiyo ndiyo nzuri. Ya cc 100 ni chini ya mizunguko miwili: ukiguswa kiwiko trekta liko mtaroni. Na injini ikizima, obitroli inageuka pampu ya mkono. Ndogo unaizungusha, kubwa inakuwa chuma.

Ukipata silinda ya rodi upande mmoja inafanya kazi pia, ila upande mmoja utakula cc 251 na mwengine 188, yaani mizunguko 5 kwenda na 3.8 kurudi, na obitroli ya cc 50 hiyohiyo. Dereva anazoea. Lakini hapo obitroli lazima iwe ile isiyorudisha mshituko wa tairi kwenye usukani. Zile zinazorudisha zinataka silinda iliyo sawa pande mbili, la sivyo usukani unatembea wenyewe.

Mpunga_Cheju
Obitroli nimeoneshwa ya folkilifti, haina kibao. Nitaijuaje?

Pampu_na_Mipira
Matundu manne makubwa: P inaingia kutoka pampu, T inarudi tangini, L na R zinakwenda kwenye silinda. Ukiona tundu la tano dogo, mara nyingi ni ya mfumo wa kufuata mzigo, haiendi na pampu ya kawaida, irudishe. Puliza hewa kwenye P bila kugusa shafti. Hewa ikitoka kwa wepesi kwenye T, ni ya katikati wazi, ndiyo unayoitaka. Ikiziba, ni ya katikati iliyofungwa: ukiiunganisha na pampu inayosukuma muda wote, mafuta yote yatapita kwenye vali ya usalama na kuchemka.

Ukubwa wake: funga mpira wa mafuta wenye faneli kwenye P, jaza, geuza shafti kulia mpaka hewa iishe, halafu zungusha mizunguko kumi huku unakinga R kwenye kikombe chenye alama. Gawa kwa kumi. Za folkilifti nyingi zitakuja 100 kupanda juu, ndiyo maana zinauzwa rahisi.

TrektaChake
Nyongeza kutoka Pemba, kwa wenye Massey Ferguson 135, msije mkafuata mpango huu kama ulivyo. MF 135 ya ekseli ya kawaida haina tairodi inayounganisha magurudumu. Boksi lina mikono miwili, kila mmoja na draglinki yake kwenda gurudumu lake. Ukiondoa boksi na kufunga silinda gurudumu moja, la pili linabaki yatima. Lazima kwanza utengeneze tairodi ya kushika pande zote mbili, bomba la ukuta mnene na boli joindi mbili, moja ya nyuzi za kulia na moja ya kushoto ili urekebishe bila kufungua. Au uliache boksi na mikono yake liwe ndilo linalounganisha, silinda isukume gurudumu moja. Hiyo ya pili ni ya haraka, ila mchezo wote wa boksi unaubakisha.

Pia msiguse pampu ya jembe ya MF 135. Imo ndani ya giaboksi, inaendeshwa na mfumo wa PTO (shafti ya nyuma ya kuendeshea zana). Kwenye trekta lenye klachi ya hatua mbili, ukikanyaga mpaka chini inasimama, na stelingi inasimama nayo, kwenye mteremko. Zile zilizotoka kiwandani na pawa pampu yake iko kwenye injini, inakokotwa na gia za taimingi za injini hiyo ya Perkins. Huna hiyo, funga ya mkanda.

Mpunga_Cheju
Na kwenye langu la Kijapani? Pampu ya jembe iko nje, kwenye injini. Kwa nini nisitumie hiyo?

Pampu_na_Mipira
Unaweza, ila si kwa kuunganisha moja baada ya nyengine kama watu wanavyofanya. Wanapitisha mafuta ya pampu kwenye obitroli, kisha T ya obitroli wanaipeleka kwenye lifti ya jembe. Jembe likinyanyuka presha inapanda mpaka bar 120 au 150, na yote inasimama kwenye T. Sili za obitroli upande wa T hazikutengenezwa kwa hiyo. Ya shafti inatoka kwanza, mafuta yanapanda kwenye usukani mpaka mapajani mwa dereva.

Njia sahihi ni vali ya kugawa mafuta yenye kipaumbele: lita 5 au 6 kwa dakika kwa stelingi, yanayobaki yaende kwenye lifti, na T irudi tangini peke yake bila kizuizi. Upande wa stelingi weka vali ya usalama ya bar 70 au 80. Jembe litapanda polepole kidogo. Vali hiyo mpya ni ghali na ya mtumba haionekani, ndiyo maana napendelea pampu ya pawa ya gari. Ndani yake tayari kuna vali ya kupima mafuta na ya usalama ya bar 70 au 80. Mtu haongezi kitu.

Mambo ya pampu ya gari: chagua yenye tangi la mbali, si iliyobeba kikombe mgongoni, itakupa uhuru wa kuifunga. Hakikisha inazunguka upande uleule wa injini yako. Ukiigeuza nyuma haisukumi. Injini ya gari inazunguka mpaka 6,000, ya trekta inaishia 2,500, kwa hiyo puli ya kwenye krenki iwe kubwa kuliko ya pampu kwa mara 1.3 hadi 1.5, ili hata silensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) pampu iwe juu ya 1,000. Ukiweka puli sawa kwa sawa, injini ikiwa silensa na ndoo imejaa, stelingi inakuwa na mapigo: nyepesi, nzito, nyepesi, nzito. Brakati ya sahani ya mm 8, na mashimo ya kuvuta mkanda.

Mafuta ni ATF (ya giaboksi za otomatiki). Usichanganye na ya jembe.

FundiGrisi
Mimi niseme kuhusu kufunga silinda, maana hapo ndipo kazi nyingi za kienyeji zinapoharibika. Silinda ifungwe kwenye ekseli yenyewe, kamwe si kwenye chesesi. Ekseli ya mbele inabembea kwenye pini yake. Ukifunga upande mmoja kwenye chesesi, kila tairi ikipanda tuta la jaruba, silinda inavutwa na magurudumu yanajikata yenyewe. Dereva anapigana na usukani, analaumu obitroli.

Msichomelee mkono wa gurudumu. Ule ni chuma cha kufua, joto la welda linaufanya mgumu na mkavu pembeni ya mshono, unakatika wakati wa mzigo. Toboa na ufunge boliti za nguvu, daraja 8.8 au 10.9, au tengeneza mkono mpya wa sahani nzima. Brakati ya kwenye ekseli ibane kwa boliti za U, na kipande cha sahani nyuma.

Vizuizi vya ekseli viguse kabla pistoni haijafika mwisho, bakisha kama mm 5 kila upande. Tairodi ipangiwe upya baadaye: mbele ya tairi iwe karibu kuliko nyuma kwa mm 2 hadi 6, kama kitabu cha trekta hakisemi vyengine.

Rodi ya silinda iwe na kifuniko cha mpira cha mikunjo. Bondeni tope hukauka juu ya kromu, halafu inapoingia ndani inakwangua sili. Ukiona vidoa vya kutu, sili hazikai mwezi. Ipake mafuta trekta linapolala.

WayaMwanakwerekwe
Swali. Obitroli haina muunganiko wa chuma na magurudumu. Mpira ukipasuka barabarani?

Pampu_na_Mipira
Huna stelingi, ndiyo. Ndiyo maana mipira ya P, L na R iwe ya nyaya, inayobeba zaidi ya bar 180, imebanwa kwa mashine. Mpira wa klipu ni wa kurudi tangini tu. Kwa trekta la mwendo wa kilomita 15 kwa saa nitaikubali. Kitu cha kwenda kwa kasi ya gari sikubali.

Tahadhari na nyuzi za nati. Obitroli nyingi za Ulaya ni BSP ya nusu inchi, za Marekani ni UNF, pampu ya gari ya Kijapani ni milimita. Mbili za mwanzo zinaingiana nyuzi mbili tatu halafu zinakaza, fundi anaongeza nguvu na kufunga tepu ya bomba la maji. Tepu ikipasuka kipande kinaingia obitroli na kukwama kwenye spuli (kipande cha ndani kinachofungua na kufunga njia za mafuta). Tumia adapta ya kukereza na washa ya chuma yenye mpira ndani.

Shafti ya usukani isikandamize obitroli. Ibebwe na beringi ya nguzo yake, na kwenye meno ibaki nafasi ya kama milimita moja ya kwenda juu na chini. Ikikandamizwa, spuli hairudi katikati: unaachia usukani, magurudumu yanaendelea kukata.

Mpunga_Cheju
Shukrani. Na kutoa upepo kwenye mafuta?

Pampu_na_Mipira
Tangi la lita mbili, liwe juu ya pampu, na filta upande wa kurudi. Mpira wa kunyonya uwe mnene, nusu inchi kupanda juu, na mfupi. Jaza ATF. Tairi zikiwa hewani na injini imezimwa, zungusha usukani mwisho hadi mwisho polepole, ongeza mafuta kila yakishuka. Washa, iache silensa, endelea hadi povu litoweke tangini. Usishikilie mwishoni zaidi ya sekunde mbili tatu, mafuta yanachemka hapo.

Ukikata kulia na tairi zikaenda kushoto, badilisha L na R tu. Usukani ukianza kuzunguka wenyewe kwa nguvu, zima papo hapo, toa mikono: P na T au mpira wa silinda umekaa pasipo pake. Povu lisiloisha na mlio wa kulia ni hewa inayoingia upande wa kunyonya, kaza klipu au tafuta ufa. Usukani kutorudi sehemu ileile ukiwa umenyoosha si ubovu, obitroli zote huteleza kidogo, mpini wa usukani usiuweke alama ya kunyooka.

TrektaChake
Moja kwa wa milimani huku: trekta likipanda mteremko na jembe zito nyuma, mbele inaelea. Pawa haitakata kona kama tairi haigusi ardhi. Weka chuma cha uzito mbele, kama kilo 40 hadi 60, ukiwa huna ndoo. Ukikiweka, ndoo ikirudi kitoe, usiviache vyote.

Mpunga_Cheju
Mipira nikate urefu gani?

Pampu_na_Mipira
Usipime trekta likiwa limesimama sawa. Nyanyua gurudumu moja la mbele mpaka ekseli ibembee mwisho wake, kata stelingi mwisho upande mmoja, pima kwa kamba kutoka tundu la obitroli hadi silinda, ukipitisha njia utakayoifunga. Rudia pembe zote nne. Chukua ndefu kuliko zote, ongeza mm 50, na mpira usijisokote unapokunjwa. Pale unapopita karibu na egzosi au kusugua chesesi, uvalishe kipande cha mpira wa maji uliopasuliwa na ufunge kwa waya kila sentimita 15.